Nanaa, rozimari na mshubiri katika tuta moja: tathmini ya huduma ya kitalu cha miche Ilemela, Mwanza

Vitalu vingi vya kando ya barabara hapa Mwanza vinauza miche kwa utaratibu mmoja: mteja anachagua kwa macho, anauliza bei, muuzaji anamwambia kama mmea unapenda jua au kivuli, na biashara inaishia hapo. Swali la mmea huo kuhitaji maji kiasi gani, kulishwa nini, na zaidi ya yote kukaa jirani na mmea upi, huachwa kwa mteja alitatue mwenyewe akishafika nyumbani. Kitalu ninachokitathmini hapa, kilichoko upande wa Ilemela mwendo mfupi kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria, kimejitofautisha kwa kulichukua swali hilo kuwa sehemu ya kazi yake. Kinatoa huduma ya tuta la mchanganyiko, ambapo mafundi wake wanakuja nyumbani, wanakagua uwanja, kisha wanapanda katika tuta moja mimea ambayo kwa kawaida haipatani kwa maji wala kwa mbolea. Kinauza pia masanduku ya mbao yaliyokwisha kupandwa, na udongo uliochanganywa na kufungwa kwenye viroba. Sitakitaja jina, kwa sababu nina mambo ya kukisifu na mengine ya kukilaumu, na nia yangu ni kumsaidia mnunuzi ajue aagize nini na aache nini. Nimeitumia huduma ya tuta, nimenunua sanduku, na nimeutumia udongo wao wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa upande wa maji watu hawa ni mafundi kwelikweli, na kwa upande wa mbolea wanaiharibu kazi yao wenyewe.

Umuhimu wa huduma kama hii unatokana na jinsi jiji letu lilivyo. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa kwenye vilima vya mawe, na uwanja unaobaki baada ya nyumba, tangi la maji na njia ya kupita mara nyingi ni kipande kidogo kilichobanwa kati ya ukuta na jabali. Mwenye uwanja wa namna hiyo hana nafasi ya kutenga tuta la mboga, tuta la viungo na tuta la maua, bali anavitaka vyote pale pale. Udongo wa vilimani umetokana na kuchakaa kwa mawe ya matale, nao ni kichanga chenye chembe kubwa, ambacho Wasukuma wanakiita luseni, kisichoshika maji wala virutubisho kwa muda mrefu. Mvua za vuli zinanyesha kati ya Oktoba na Desemba, za masika kati ya Machi na Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba zinaweza kupita wiki nyingi bila tone. Mtu akiongeza samadi nyingi na udongo mzito wa mbuga ili mboga zake zisikauke, basi amekwisha kuharibu makazi ya mimea inayopenda ukavu. Na akiuacha udongo ulivyo ili kuilinda hiyo, mboga zinaungua kwa kiu.

Wakulima wa Usukuma wamelijua jambo hili kwa vizazi vingi. Juu ya mteremko, kwenye luseni, wanaweka mihogo, karanga na njugu mawe. Chini, kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, wanachimba majaruba na kupanda mpunga. Hawaubadilishi mteremko mzima uwe kitu kimoja, bali wanauliza kila sehemu inabeba nini. Sifa kubwa ya mafundi wa kitalu hiki ni kwamba wameihamishia busara hiyo ya mashambani katika tuta lenye urefu wa hatua chache, nyuma ya nyumba ya mjini.

Nianze hata hivyo na bidhaa ambayo sikuipenda, yaani sanduku. Limetengenezwa kwa mbao zilizopigwa randa na kupakwa rangi vizuri, na ndani yake kuna nanaa, rozimari, mrehani, giligilani na mshubiri, ambao wengi wetu tunauita alovera. Limekusudiwa kukaa karibu na mlango wa jikoni, mama wa nyumba achume anachotaka bila kutoka nje ya geti. Ni wazo zuri machoni, lakini si zuri kwa mimea. Nanaa, rozimari na mrehani ni ndugu wa ukoo mmoja, ule wenye mashina machanga ya pembe nne na majani yenye harufu, na nadhani undugu huo ndio uliomshawishi aliyelibuni sanduku. Undugu wa mimea, hata hivyo, hausemi lolote kuhusu maji. Ukichuma jani la rozimari na kuligeuza utaona kwamba ni jembamba na gumu, kingo zake zimejikunja kwa chini, na upande wa ndani una vinyweleo vyeupe vilivyosongamana, vyote hivyo vikiwa ni kinga ya kuzuia maji yasipotee. Asili yake ni pwani za Bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kirefu na ardhi ina mawe. Jani la nanaa ni pana na jepesi. Udongo ukikauka linalegea mchana, na ukimwagilia jioni linanyanyuka. Mshubiri nao unatunza maji ndani ya majani yake manene, na unataka udongo ukauke kabisa kabla haujapewa mengine.

Sanduku langu lilijazwa udongo mmoja tu mweusi wenye samadi nyingi, bila kizuizi chochote kati ya mmea na mmea. Nanaa ilishangilia, ikatambaza mashina yake chini kwa chini mpaka ikajitokeza katikati ya giligilani na kwenye kona ya mshubiri. Rozimari ilianza kuwa ya kahawia kutoka chini kwenda juu, majani yakipukutika ukiyagusa, na mshubiri ukalainika kitakoni. Hapa ni vizuri kueleza jambo linalowapotosha wengi. Mizizi iliyokaa kwenye maji muda mrefu inakosa hewa na kuoza, na ikishaoza haiwezi kupandisha maji, kwa hiyo matawi yanakauka ilhali udongo umelowa. Mwenye bustani akiona ukavu juu anaongeza maji chini, na kwa huruma yake anaukamilisha mauti. Kipimo cha haraka ni kidole: kichomeke kwenye udongo hadi kifundo cha pili, na ukikuta unyevu wakati majani yanakauka, weka keni chini usimwagilie.

Nilipolipeleka suala hilo kitaluni, kijana aliyekuwa zamu alinisalimia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa ukweli ambao niliuheshimu: "Mama, kwenye sanduku lile ukimwagilia huyu, umemuua yule. Watu wanalipenda kwa macho, ndiyo maana tunalo." Alijitolea kuihamisha rozimari na mshubiri kwenye vyungu viwili vyenye kichanga, bila malipo, na vyote viwili vilipona. Huduma hiyo ilikuwa nzuri, lakini inaleta swali zito zaidi. Ikiwa fundi anajua kwamba mchanganyiko ule haudumu, mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla ya kulipa kwamba sanduku ni pambo la muda mfupi. Wangeweza pia kulitengeneza upya bila shida: ubao mmoja wa katikati, udongo wa aina mbili, na upande mkavu ukapata rozimari na mshubiri peke yao. Mpaka wafanye hivyo, simshauri mtu alinunue.

Huduma ya tuta ni jambo jingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya niandike. Mafundi wawili walikuja, na kwa muda mrefu hawakugusa jembe. Walichimba vishimo vya kina cha shubiri moja katika sehemu mbalimbali za uwanja, wakavijaza maji, wakaangalia yanachukua muda gani kuzama. Waliuliza maji ya mvua kutoka kwenye bati yanamwagikia wapi, ukuta upi unapigwa na jua la mchana, na ni nani hasa atakayemwagilia, kwa saa zipi. Swali hilo la mwisho sijawahi kuulizwa na muuzaji wa miche mahali pengine popote, ingawa ndilo linaloamua kila kitu: tuta la mimea yenye kiu likikabidhiwa kwa mtu anayesafiri mara kwa mara ni tuta lililokwisha kufa.

Kilichonipendeza zaidi ni jinsi walivyolisoma jabali. Uwanja wangu, kama wa majirani wengi, umepakana na jiwe kubwa ambalo haliwezi kuondolewa. Mvua inayolinyeshea haina pa kuzama, kwa hiyo yote inateremka na kumwagika miguuni pake, na sehemu hiyo hupata maji maradufu ya yale yaliyonyesha juu yake moja kwa moja. Kiangazi kikiingia mambo yanageuka, kwa kuwa jiwe linalonyonya joto la jua mchana kutwa linaendelea kulitoa hata baada ya magharibi, na mfuko mdogo wa udongo ulioko ubavuni mwake unakauka kabla ya sehemu nyingine zote. Watu wengi wanaliona jabali kama adui wa bustani. Mafundi hawa walilitumia kama mgawaji wa maji. Juu, kwenye mfuko wa kichanga ubavuni, waliweka mshubiri na rozimari. Katikati ya mteremko wakaweka nyanya, pilipili hoho na maharage ya kutambaa. Chini, mahali maji yanapokusanyika, wakapanda mchaichai na magimbi. Walinieleza pia sababu ya kutopanga kinyume chake: maji unayoyamwaga juu yanashuka, kwa hiyo mmea wenye kiu ukikaa juu, kila unapounywesha unamlowesha na jirani wa chini asiyetaka, lakini mmea mkavu ukikaa juu, kidogo unachoupa hakimdhuru aliye chini.

Palikuwa na sehemu moja ambapo mteremko haukusaidia. Nilitaka nanaa iwe karibu na mlango wa jikoni, na hapo tayari pana rozimari ya zamani ambayo sikuwa tayari kuing'oa. Walichofanya ni kuchukua ndoo ya plastiki ya lita 10, wakaitoboa kitako matundu kadhaa, wakaijaza udongo wenye mboji, wakapanda nanaa humo, kisha wakaifukia ardhini mpaka mdomo wake ukabaki juu ya udongo kwa upana wa vidole viwili. Kwa mbali huioni ndoo, unaiona nanaa tu. Maji unayoipa yanabaki ndani ya eneo lake, udongo wake ni tofauti na wa jirani, na mashina yake yanayotambaa chini kwa chini yanagonga ukuta wa plastiki na kurudi. Ule mdomo ulioachwa juu nao una kazi yake, kwa sababu ukifukiwa wote, nanaa inaupanda na kuvuka. Rozimari iliyo kando ya ndoo hiyo inaendelea kustawi katika kichanga chake, hatua moja tu kutoka kwa mmea unaonyweshwa kila siku.

Njia ya pili waliyoitumia, na ambayo ningeipa sifa ya juu kuliko zote, ni chungu kilichofukiwa. Kinahitajika chungu cha kawaida cha udongo wa kuchoma, kama vile vya sokoni, mradi kisiwe kimepakwa rangi wala kung'arishwa, kwani kazi yake yote inategemea vitundu vidogo vya udongo wake. Kinafukiwa shingo ikibaki nje, kinajazwa maji, kinafunikwa. Udongo wa nje ukiwa mkavu unayavuta maji kupitia ukuta wa chungu, na ukishapata unyevu wa kutosha mvuto huo unapungua, kwa hiyo chungu kinatoa maji kwa kadiri yanavyohitajika. Nyanya, hoho na spinachi zilipandwa kukizunguka. Kwa kuwa kichanga chetu hakisambazi maji sana pembeni, mahali palipo mbali na chungu kwa urefu wa mkono panabaki pakavu, na hapo ndipo mmea usiopenda maji unapoweza kukaa kwa amani ndani ya tuta lile lile. Siku moja nilifukua taratibu kwa mwiko upande mmoja wa chungu nione kinachoendelea chini, nikakuta mizizi meupe membamba ya nyanya imekizunguka tumbo lake lote na kukishika, kiasi kwamba udongo ulipobanduka mizizi ilibaki imeshikamana na chungu.

Faida yake kwa nyanya ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tatizo la kuoza kitako, lile doa jeusi lililodidimia chini ya tunda, halisababishwi na mdudu wala kuvu. Linatokea pale kalisi inaposhindwa kulifikia tunda, na mara nyingi sababu yake ni maji yanayokuja kwa vipindi, leo mengi, halafu siku kadhaa hakuna. Chungu kinaondoa kuyumba huko. Mafundi walinionya juu ya mambo mawili ambayo nimeyaona kuwa ya kweli: kifuniko kisikose, kwani chungu kilicho wazi kinageuka kuwa mazalia ya mbu, na maji ya ziwani yenye matope yasitiwe bila kutulizwa na kuchujwa, kwa sababu tope laini linaziba vile vitundu na chungu kinaacha kutoa maji. Kikiziba, kinafukuliwa, kinasuguliwa kwa brashi ngumu na maji safi, kinarudishwa.

Kuhusu matandazo niseme kwa kifupi. Walitandaza kokoto za matale kuzunguka mshubiri na rozimari, ili shingo ya mmea ikae pakavu na maji yashuke haraka, na kwa kuwa jiwe hilo halina chokaa, haliubadilishi udongo. Kuzunguka mimea yenye kiu walitandaza magugu maji yaliyokaushwa, yale yale yaliyotusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni matandazo mazuri, yanashika unyevu na yanapooza yanaongeza rutuba. Nina masharti mawili tu, ambayo kitalu hakiyaelezi kwa wateja. Kwanza, yawe yamekauka kabisa, maana kipande kibichi kikiangukia mahali penye maji kinaanza kuchipua. Pili, magugu haya yana uwezo wa kufyonza metali nzito kutoka kwenye maji, kwa hiyo yaliyovunwa karibu na mifereji ya maji machafu ya jiji yasitumike kwenye mboga. Muulize muuzaji yalivunwa wapi, na akishindwa kujibu, tumia nyasi kavu au maganda ya mpunga.

Udongo wa viroba una aina mbili, na mtu asichanganye. Ule wa mimea mikavu umechanganywa kichanga kikubwa, maganda ya mpunga yaliyochomwa na mboji kidogo, na ni mzuri sana. Maji yanapita mara moja na unabaki mwepesi hata baada ya masika. Ule wa mboga una samadi ya ng'ombe iliyoiva, lakini katika viroba vya karibuni nimekuta maranda ya mbao mabichi. Maranda yanapooza ardhini, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni ya udongo kwa ajili yao, na mchicha unabaki wa njano kwa muda, hata kama kuna samadi. Fungua kiroba mbele ya muuzaji na utie mkono ndani kabla hujalipa.

Ninafika sasa kwenye mbolea, ambako sifa zangu zinaishia. Mafundi waliotumia muda mrefu kugawa maji kwa kila mmea walimaliza kazi kwa kuniachia mfuko mmoja wa NPK 17-17-17 na agizo moja: mwaga tuta zima, kiganja kwa kila hatua, kisha mwagilia. Namba hizo zina maana kwamba naitrojeni, fosforasi na potasiamu ziko sawa kwa sawa, asilimia 17 kila moja kwa vipimo vya mbolea, na kwa shamba la mahindi yaliyopandwa mahali pamoja, kumwaga hivyo si vibaya. Kwa tuta ambalo nguvu yake yote iko katika kutofautisha, agizo hilo linafuta kila kilichojengwa. Nilipoliuliza nilijibiwa kwamba mbolea ni chakula, na chakula hakimdhuru mtu. Kwa heshima zote, jibu hilo si sahihi.

Rozimari na mimea mingine ya harufu ikilishwa naitrojeni nyingi inatoa matawi marefu, laini, yenye maji mengi, na harufu yake inapungua, kwa sababu mafuta yanayoleta harufu hukolea zaidi mmea unapokua polepole kwenye udongo usio na rutuba kubwa. Bogainvilia, ambayo kitalu hiki kinaipenda sana kuiweka kwenye kona ya tuta, inatoa rangi nyingi ikipata jua kali na ukavu kidogo, na ikipewa naitrojeni na maji kila siku inakuwa kichaka cha majani mabichi. Maharage ni mfano wa kujifunzia zaidi, kwa sababu yanavunja kanuni ambayo wengi wanaitegemea, kwamba mmea wenye kiu ndio wenye njaa. Maharage yanahitaji maji, hasa yakianza kutoa maua, lakini naitrojeni yanajitengenezea kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ukiyamwagia naitrojeni, vinundu havikui vizuri, majani yanakuwa mengi na maganda machache. Kwa hiyo yanaweza kukaa na nyanya kwenye chungu kimoja cha maji, lakini hayapaswi kuwa na nyanya kwenye mbolea moja. Nyanya yenyewe inabadilika kadiri inavyokua: mwanzoni inahitaji naitrojeni ili ijenge shina na majani, na ikishaanza kuweka matunda inahitaji potasiamu zaidi. Mchicha na sukuma wiki, ambazo tunakula majani yake, zinataka naitrojeni tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo kitalu, kwa jinsi kinavyoyajua maji, kingepaswa kuliona mapema. Naitrojeni ikishageuka kuwa naitreti inasafiri na maji, wakati fosforasi inashikwa na udongo na haiendi mbali. Kwenye mteremko wa kichanga kama wangu, mbolea iliyomwagwa juu kwa mshubiri usioitaka inaishia chini kwa magimbi na mchaichai baada ya mvua moja kubwa, na kile ambacho magimbi hayakukidaka kinaendelea hadi kwenye mfereji na hatimaye ziwani, ambako naitrojeni na fosforasi za kutoka nchi kavu ndizo zinazoyalisha yale magugu tunayoyalalamikia. Katika jiji lililoko ufukweni, kumwaga mbolea tuta zima si suala la mfuko wa mteja peke yake.

Njia inayofaa, na ambayo sasa naifuata, ni kulisha kwa shina. Kila mmea unaohitaji mbolea unapewa yake, kwenye kijifereji cha duara kilichochimbwa kuzunguka shina kwa umbali wa shubiri, kisha kinafukiwa. Mboga za majani zinapata mashudu ya pamba, ambayo kwetu Kanda ya Ziwa hayaadimiki, kwa kuwa yanatoa naitrojeni polepole kadiri yanavyooza, tofauti na urea yenye asilimia 46 ya naitrojeni inayoweza kuunguza mizizi kwa kosa dogo la kipimo. Nyanya zikishaweka matunda zinapata majivu ya kuni kidogo, kwa ajili ya potasiamu, bila kuzidisha, maana majivu yanapunguza uchachu wa udongo. Maharage yanapata mboji wakati wa kupanda na basi. Nanaa iliyo kwenye ndoo inapata mboji yake ndani ya ndoo. Rozimari, mshubiri na bogainvilia hazipati kitu isipokuwa mboji kidogo mwanzoni mwa vuli, na hazijalalamika. Kwa mpangilio huu chungu nacho kinabaki na maji matupu. Nasisitiza hilo kwa sababu fundi mmoja alipendekeza mbolea iyeyushwe ndani ya chungu, jambo ambalo lingelisha kila mmea ulio karibu bila kuchagua na kuacha chumvi kwenye vile vitundu.

Nilimweleza haya mama mwenye kitalu, mtu mzima anayeijua miche yake mmoja mmoja, naye hakuyapuuza. Alisema mafundi wake wamefundishwa maji na wazee wa mashambani, na mbolea na mawakala wa mbolea. Maelezo hayo yanaeleweka. Kwa kuwa TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Misungwi, si mbali na jiji, ningependa kuona kitalu kikipima udongo wa mteja kabla ya kumuuzia mfuko wowote, kama kinavyopima leo kasi ya maji kuzama. Gharama yake ingeongezwa kwenye bei, na mimi ningeilipa.

Kuhusu bei, tuta linagharimu zaidi ya kununua miche ile ile mmoja mmoja na kupanda mwenyewe, na sehemu kubwa ya tofauti ni ukaguzi na kazi ya kufukia vyungu na ndoo. Naiona kuwa ni haki. Usafiri unalipiwa kando ukiwa nje ya Ilemela, kwa hiyo watu wa Buhongwa na Igoma waulize kwanza. Baada ya kupanda, fundi anarudi mara moja bila malipo kukagua, na kwangu alirudi kwa wakati, akaziba pengo kwenye ukingo wa tuta na kubadilisha mche mmoja wa hoho uliokuwa na mnyauko. Kikaratasi cha maelekezo wanachoacha kina ratiba nzuri ya maji kwa kila mmea, kiangazi na masika mbalimbali. Mstari wa mwisho, ule wa mbolea, upuuze. Mwenye kutaka huduma hii aagize tuta, achukue kiroba cha udongo wa mimea mikavu, aombe asiwekewe mfuko wa NPK na fedha yake ikatwe kwenye malipo, jambo ambalo wamekubali kulifanya kwa majirani zangu. Agizo likitolewa Septemba, vyungu vinakuwa vimefukiwa na miche imeshika kabla vuli haijachanganya. Kuanzia Oktoba foleni inakuwa ndefu na ukaguzi unafanywa kwa haraka.